Titini, kwenye friji, kwenye friza au kwenye kopo: kinga dhidi ya virusi inabaki kiasi gani?

Likizo ya uzazi ya siku 84 huisha upesi kuliko mtu anavyodhani. Wiki ya kumi ikifika, mama aliyeajiriwa Dar es Salaam anaanza kupiga hesabu: kutoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, kuingia kazini saa moja na nusu, jioni foleni, nyumbani usiku. Mtoto hana hata miezi mitatu na hajui kitu kingine zaidi ya ziwa. Nikamue? Nigandishe? Ninunue kopo? Wifi naye ananyonyesha, je, anisaidie?

Nimeyapitia hayo mara mbili, na mara zote mbili watu walinijibu kwa habari za shibe. Atashiba? Atanenepa? Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya maziwa yale kuna protini zinazomkinga mtoto na virusi, na kwamba protini hizo hazistahimili joto, baridi na muda kwa namna moja. Nilikuja kuyajua kwa kusoma na kuuliza, mengine mtoto akiwa ameshaachishwa. Ndiyo maana nalinganisha njia hizi kwa jicho hilo. Uzito na kunenepa nimeviweka pembeni, maana vimeshaandikwa sana.

Protini zenyewe hazifanani

Inayotajwa zaidi ni laktoferini. Katika dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo, hufika gramu 5 hadi 7 kwa lita. Maziwa yakishakomaa hubaki gramu 1 hadi 3. Ilitengwa kutoka maziwa ya binadamu mwaka 1960, na kwa muda mrefu ilisifiwa kwa sababu ya chuma: kila molekuli hukamata chembe mbili za madini ya chuma, na bakteria wanaokosa chuma hudumaa. Kwa virusi hufanya kazi nyingine. Seli zetu zimefunikwa na nyuzi za sukari ziitwazo heparani sulfeti, na virusi vingi hutua kwanza kwenye nyuzi hizo kabla ya kupenya ndani. Laktoferini hukaa palepale. Aliyewahi kugombea daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni anaelewa maana ya kufika ukakuta siti zote zimekaliwa. Baadhi ya virusi laktoferini huvishika vyenyewe kabla havijatua. Maabara zimeona ikizuia virusi vya herpes, sitomegalo (kirusi kinachoweza kupita kwenye maziwa na kumdhuru njiti), rota (cha kuharisha), RSV (cha njia ya hewa) na hata VVU. Tumboni ikikatwakatwa, vipande vyake bado huwa na nguvu dhidi ya vijidudu.

Lakini ni protini laini. Joto huivunja, na friza ya muda mrefu huichosha.

Kingamwili za IgA ni za tabia tofauti kabisa. Laktoferini haichagui adui, IgA huchagua. Mama akivuta hewa yenye virusi vya mafua ndani ya mwendokasi, au akila kitu chenye virusi vya kuhara, seli za kinga zilizoko kwenye mapafu na utumbo wake hujifunza sura ya kirusi hicho. Kisha baadhi ya seli hizo husafiri hadi kwenye matiti na kumwaga humo IgA inayokitambua kirusi kilekile. Mtoto anayelala naye kitanda kimoja, anayevuta hewa ileile, anapata silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba yao, mtaa wao, msimu wao. Hili jambo bado linanigusa kila ninapolifikiria. Wakati wa UVIKO-19 kingamwili hizo zilipatikana kwenye maziwa ya mama waliopona na ya mama waliochanjwa.

IgA ya maziwa imevikwa kipande cha ziada kinachoikinga isimeng'enywe. Hufika utumboni ikiwa nzima, ikavinata virusi, vikatoka pamoja na kinyesi bila kugusa seli. Haiingii sana kwenye damu ya mtoto, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kinga ya surua, kwa mfano, mtoto huipata kupitia kondo la nyuma akiwa bado tumboni, na ni ya aina nyingine, IgG. Hiyo hupungua kadiri miezi inavyokwenda, ndiyo sababu chanjo ya kwanza ya surua hutolewa akiwa na miezi 9 hata kama ananyonya vizuri. Maziwa hulinda zaidi mdomo, koo na utumbo. Hayachukui nafasi ya kliniki.

Ya tatu ni laktadherini, iliyoko kwenye utando wa matone ya mafuta ya maziwa. Haijulikani sana, lakini ina ushahidi ninaouheshimu kwa sababu ulitoka kwa watoto wenyewe. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia watoto wa Mexico walioambukizwa virusi vya rota. Ambao maziwa ya mama zao yalikuwa na laktadherini nyingi walielekea zaidi kupita bila kuharisha. Kirusi kiliingia, ugonjwa haukuja.

Lisozaimu, iliyoelezwa na Alexander Fleming mwaka 1922, nitaipita haraka, kwani kazi yake kubwa ni kuua bakteria. Na kuna tenasini-C, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha mwaka 2013 kwamba hushikamana na ganda la VVU na kukizuia kisiingie kwenye seli. Kwa miaka mingi watu walijiuliza kwa nini watoto wengi wa mama wenye VVU hawakuambukizwa hata kabla ya dawa kupatikana, ingawa walinyonya kila siku. Protini hii ni sehemu ya jibu.

Neno moja la tahadhari kabla ya kuendelea. Kuzuia kirusi kwenye kisahani cha maabara si sawa na kutibu mtu. Kumdondoshea mtoto maziwa kwenye jicho jekundu, jambo ambalo bibi zetu walilifanya kwa mapenzi, hakuponyi maambukizi na kunaweza kumchelewesha kufika hospitali. Wala maziwa si dawa ya mafua ya mtu mzima.

Titini moja kwa moja

Hapa hakuna kinachopotea. Maziwa hayagusi hewa, chupa, wala joto lingine zaidi ya la mwili. Laktoferini yote, IgA yote, na seli hai za kinga ambazo njia nyingine nyingi huziua. Ni kipimo ambacho njia zote zilizobaki nitazipima nacho.

Kama kazi yako iko karibu na nyumbani, au kuna mtu wa kukuletea mtoto, fahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Si upendeleo wa bosi. Kenya nako, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha. Najua sheria na ofisi ni vitu viwili. Mahali nilipokuwa nafanya kazi wakati wa mtoto wa kwanza nilioneshwa stoo ya makaratasi isiyo na dirisha, nikawa nakamua nimesimama, mlango nimeuegemea. Machozi yalinitoka siku ile. Lakini saa zangu mbili nilizidai kwa maandishi, nikazipata.

Mama akiumwa mafua au tumbo, watu wa nyumbani humwambia aache kunyonyesha asimwambukize mtoto. Ushauri huo una nia njema, ila unakwenda kinyume na mwili unavyofanya kazi. Virusi vya mafua mtoto amekwisha kukutana navyo kabla mama hajaanza kupiga chafya. Kinachokuja baadaye kwenye maziwa ni kingamwili. Anachotakiwa mama ni kunawa mikono, kuvaa barakoa, na kuendelea.

Vivyo hivyo kwa chanjo ya matone ya rota inayotolewa kuanzia wiki ya 6. Wanasayansi walihofu kwamba kingamwili za maziwa zingeiua chanjo kabla haijafanya kazi, wakajaribu kuwazuia watoto kunyonya kabla na baada ya matone. Haikuleta faida. Mnyonyeshe kama kawaida, hata palepale kliniki.

Kukamua: mezani, friji au friza

Kwa wengi wetu huu ndio uamuzi halisi.

Maziwa yaliyokamuliwa na kunywewa ndani ya saa chache yana protini karibu zote. Miongozo ya Marekani huruhusu saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25. Sasa wewe niambie, ni chumba gani cha Dar, Mombasa au Tanga mwezi wa pili kiko chini ya nyuzi 25? Kwa pwani mimi nisingefika hata saa hizo. Ukikamua kazini, yaingie kwenye friji au kwenye boksi lenye barafu mara moja. Mwenzangu wa Arusha au Njombe ana nafasi kidogo zaidi.

Friji ya nyuzi 4 ndiyo iliyonishangaza kwa wema wake. Kwa siku 4 laktoferini na IgA hubaki karibu zilezile, hata kwa matumizi ya watoto njiti wodini. Weka chombo nyuma kabisa, mbali na mlango unaofunguliwa kila dakika. Ukikamua Jumatatu kazini na mtoto akanywa Jumanne, umempa kitu kilicho karibu sana na ziwa lenyewe. Huu ndio mzunguko ninaoupendekeza kwa mama wa kawaida mwenye kazi ya kawaida: ya leo kwa ajili ya kesho, na ya Ijumaa yanywewe Jumatatu.

Friza inakuja nyuma yake. IgA huvumilia kuganda vizuri. Laktoferini ndiyo inayoshuka kadiri miezi inavyosonga, na kufikia miezi mitatu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri upungufu wake huwa umeonekana wazi. Seli hai hufa. Kwa hiyo ile desturi ya kujaza friza mifuko arobaini kabla ya kurudi kazini, halafu kuanza na ya zamani huku ya leo yakigandishwa, haina maana kwangu. Mpe ya friji kwanza, ya friza iwe akiba ya siku ya dharura. Miezi 6 ni muda mzuri wa kuishia. Yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24, wala yasigandishwe tena. Kama mtaani kwenu umeme hukatika mchana kutwa, au luku huisha usiku wa manane bila mtu kujua, friza ya nyumbani si mahali pa kuweka imani yako yote.

Maziwa yaliyokaa hujitenga, mafuta yakapanda juu. Yazungushe taratibu, yatachanganyika. Wakati mwingine baada ya kuganda hutoa harufu kama ya sabuni. Hiyo husababishwa na kimeng'enya cha maziwa yenyewe kinachovunja mafuta. Nimeona dada wa nyumbani akimwaga chupa nzima akidhani yameharibika, na sikumlaumu, sikuwa nimemfundisha.

Halafu namna ya kupasha. Chombo kikae ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, basi. Maziwa yasiwekwe jikoni yakachemka, na maikrowevu isiguswe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulionyesha kwamba maziwa ya mama yaliyopashwa sana kwenye maikrowevu hupoteza karibu IgA yote. Fikiria: mama amekamua dakika arobaini, amebeba barafu ndani ya mwendokasi, amehifadhi vizuri, halafu sekunde sitini zinafuta kazi yote. Kumfundisha anayebaki na mtoto jambo hili moja kuna thamani kuliko kununua pampu ya bei kubwa.

Maziwa yaliyopitishwa kwenye moto kwa makusudi

Kuna wakati joto ni la lazima, kwa sababu maziwa yenyewe yanaweza kubeba kirusi. VVU ni mfano tunaoujua zaidi.

Njia mbili hulinganishwa. Ya kwanza ni ya hospitali na benki za maziwa: nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Huua VVU na sitomegalo, lakini laktoferini hupungua sana, mara nyingi kwa zaidi ya nusu. IgA hupungua pia, ila kwa kawaida sehemu kubwa yake hubaki. Seli hai hufa zote. Sukari maalumu za maziwa ya mama, ambazo si protini lakini nazo huvihadaa virusi visishike utumbo, hazidhuriki.

Ya pili ni ya jikoni. Maziwa yaliyokamuliwa huwekwa kwenye chupa ya glasi, chupa ikawekwa ndani ya sufuria ya maji, moto ukawashwa. Maji yakianza kuchemka kwa nguvu, chupa hutolewa hapohapo. Maziwa hufika nyuzi 70 na kitu kwa muda mfupi sana. VVU hufa, na kwa sababu muda ni mfupi kingamwili nyingi husalimika. Njia hii ilichunguzwa Afrika Kusini na Zimbabwe, na ilijaribiwa pia na akina mama wa Dar es Salaam, jiko na sufuria vikiwa vilevile vya kawaida.

Je, mama anayeishi na VVU achague hiyo? Kwa mama wa leo anayetumia dawa za kufubaza virusi kila siku, jibu ni hapana, haihitaji. Bila dawa, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha ilikuwa kati ya 5 na 20 kwa kila watoto 100. Katika utafiti mkubwa uliofanyika nchi kadhaa, Tanzania na Uganda zikiwemo, mama waliotumia dawa na kunyonyesha waliambukiza chini ya mtoto 1 kwa 100 hadi mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani linamshauri anyonyeshe maziwa yake peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine hadi miezi 12, na anaweza kufika miezi 24 au zaidi, mradi dawa haziachwi. Kupasha kwenye sufuria kunabaki kuwa daraja la muda: dawa zimekwisha kituoni na hazijafika, titi limevimba na kutunga usaha, au mtoto mdogo sana hawezi kunyonya kwa siku chache. Hayo yaamuliwe na muuguzi wa kliniki yako.

Kibaya zaidi kuliko vyote, kwa mama huyu, ni kuchanganya. Uchunguzi uliofanyika Durban na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa ziwa pamoja na maji, uji au maziwa mengine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya ziwa tupu. Inadhaniwa vitu hivyo huuchubua utumbo mchanga, na kinga ya maziwa hukuta mlango umeshafunguliwa. Kile kijiko cha maji ya sukari au dawa ya chango anachopewa mtoto mama akiwa kazini si kidogo kama kinavyoonekana.

Maziwa ya mama mwingine

Nairobi, katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, ilifunguliwa benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza Kenya. Wachangiaji hupimwa, maziwa hupitishwa kwenye zile nyuzi 62.5, na wanaopewa kwanza ni watoto wagonjwa na njiti ambao mama zao hawawezi kuwanyonyesha au wamefariki. Ukiyalinganisha na maziwa ya mama mzazi, haya yana upungufu wa aina mbili. Laktoferini imepungua kwa joto. Na IgA yake imetengenezwa kwa vijidudu vya nyumba nyingine, mara nyingi na mama aliyejifungua miezi kadhaa iliyopita, ilhali maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya wakati huwa na kinga nyingi zaidi. Hata hivyo, kwa njiti bado yanashinda kopo, hasa kwa kuukinga utumbo wake na ugonjwa mkali wa kuoza unaowapata watoto hao.

Wifi au jirani anayejitolea ni habari tofauti. Maziwa yake hayajapashwa, protini zake zote zipo, na upendo wake ni wa kweli. Lakini kipimo chake cha VVU cha wakati wa ujauzito hakisemi lolote kuhusu mwezi huu, na mtu aliyeambukizwa karibuni ndiye mwenye virusi vingi zaidi kwenye maziwa. Nisingekubali bila vipimo vipya, na nisingemwona aliyeniomba vipimo kuwa amenitukana.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo pwani na visiwani ndizo nyingi, kuna jambo jingine ambalo hospitali hulisahau kulitaja: udugu wa kunyonya. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa zaidi pwani yetu, manyonyo matano kamili kabla ya miaka miwili humfanya mtoto kuwa mwana wa mama yule, na watoto wake huwa ndugu asioweza kuwaoa, hata kama maziwa yalinywewa kwa kikombe. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah lilikataza benki za maziwa mwaka 1985. Baadaye wanazuoni wengine, likiwemo Baraza la Ulaya la Fatwa mwaka 2004, waliruhusu pale penye haja ya watoto njiti. Anayejali hili aulize mapema kama mchangiaji anaweza kujulikana, na amuulize shekhe wake kabla ya siku ya dharura kufika.

Kopo

Maziwa ya kopo hulisha. Mtoto aliyekosa njia nyingine hukua kwayo, na mama anayeyatumia hastahili kusimangwa. Kwa kipengele tunacholinganisha leo, hata hivyo, yako mbali na yote yaliyotangulia. Hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe ambayo laktoferini yake ni kidogo sana, na hukaushwa kwa joto. Kingamwili za mama hayana kabisa.

Baadhi ya makopo huandikwa kwamba yameongezwa laktoferini. Ni ya ng'ombe, na mpangilio wake unafanana na ya binadamu kwa takribani asilimia 70. Uingereza walifanya jaribio kubwa kwa njiti zaidi ya 2,000, nusu wakaongezewa laktoferini ya ng'ombe kila siku. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2019, maambukizi hayakuwa yamepungua. Kwa hiyo neno hilo kwenye lebo lisikufanye ulipe zaidi. Protini moja iliyotolewa kwenye jeshi lake na kupelekwa vitani peke yake haikuleta ushindi ule.

Kopo la gramu 400 humtosha mtoto wa miezi mitatu siku tatu au nne, na ukianza kulipunguza kwa maji ili lifike Ijumaa, umeingia kwenye hatari kubwa kuliko virusi. Unga wenyewe hauna uhakika wa kutokuwa na bakteria, hivyo maji ya kukorogea yawe ya moto usiopungua nyuzi 70, kisha yapozwe. Tumia kikombe badala ya chupa yenye chuchu, kinasafishika.

Kwa hali yako, ningechagua hivi

Kazi iko karibu: titini, ukitumia saa zako mbili za kisheria, na chombo kimoja cha friji kwa ajili ya siku mvua ikinyesha na barabara zikafungwa.

Kazi iko mbali: nyonyesha kabla ya kuondoka, ukirudi, na usiku kucha. Katikati mpe maziwa ya friji ya jana. Friza iwe na mifuko michache tu yenye tarehe. Ukibanwa, usikate yote kwa sababu huwezi yote. Kwa mama asiye na VVU, ziwa la asubuhi na usiku pamoja na kopo la mchana bado humpa mtoto IgA kila siku.

Unaishi na VVU: dawa zako kila siku na ziwa lako tupu kwa miezi 6, bila kijiko cha kitu kingine. Kipimo cha wingi wa virusi kisikupite.

Maziwa hayatoki, au mama hayupo: ulizia maziwa ya benki kama uko karibu na hospitali iliyo nayo, kisha kopo lililoandaliwa vizuri.

Umejifungua njiti: hapa ndipo ningekusihi zaidi. Anza kukamua kwa mkono ndani ya saa chache za mwanzo, hata kama kinachotoka ni matone matano yaliyonata kwenye kijiko. Mama mkwe anaweza kukwambia, "Mwanangu, hayo machafu, yamwage kwanza." Mwambie kwa heshima kwamba hayo, tone kwa tone, ndiyo yenye laktoferini na IgA nyingi kuliko utakayokamua mwezi wote ujao. Muulize muuguzi kama mnaweza kumpaka mtoto mashavuni kwa ndani, kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, wakati bado analishwa kwa mpira. Kamua kila baada ya saa tatu, usiku pia, na umpe mbichi ukiweza, kabla hayajaganda. Kama ana umri mdogo sana na daktari anahofia sitomegalo, atakuambia yapi yapashwe. Kuganda peke yake hupunguza kirusi hicho ila hakukimalizi. Andika saa na tarehe kwenye kila kichupa, kwa kalamu isiyofutika kwa maji, na jina lako, kwa sababu friji ya wodi hutumiwa na mama wengi.